Kuona seli kwa jicho lako: mwongozo wa hadubini, kuanzia shina la muhogo hadi maji ya pilipili

Hadubini nyingi za shule husingiziwa ubovu. Mtu anaiweka mezani, anazungusha moja kwa moja hadi kwenye lenzi ndefu kuliko zote, anaona ukungu wa kijivu, basi anatangaza kwamba mashine imekufa. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokosekana ni mwanga uliopangwa, sampuli nyembamba na subira ya kuanzia chini.

Hata wataalamu wa zamani walikwama hapohapo. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa na lenzi zenye nguvu ya kumwonyesha bakteria, na mwaka 1683 aliandika barua kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kueleza alichokikuta kwenye utando wa meno. Lakini ilipita zaidi ya miaka 150 ndipo Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann waliposema, mwaka 1838 na 1839, kwamba mimea na wanyama wamejengwa kwa seli. Ukuzaji ulikuwepo muda wote huo. Kilichosubiriwa ni lenzi zisizotia rangi za upinde wa mvua kwenye kingo za picha, mikono iliyojua kuandaa sampuli, na mtu wa kujua atafute nini ndani ya kile anachokiona.

Kwa hiyo tutafuata njia yao: kwanza kitu kilichokufa, kisha kitunguu, kisha shavu lako mwenyewe, mwisho maji yenye viumbe vinavyoogelea. Usiruke hatua, maana kila moja ina ujanja utakaouhitaji katika inayofuata.

Vitu vya kuandaa

Hadubini ya kawaida ya shule inatosha: lenzi ya jicho ya x10, na chini yake lenzi zinazozunguka za x4, x10 na x40. Ukuzaji kamili ni namba ya juu mara ya chini, kwa hiyo hapo una x40, x100 na x400. Kama kuna lenzi ya x100 inayotumia mafuta, iache ilale. Hutaihitaji katika mwongozo huu.

Tafuta pia slaidi (vipande vya kioo vya kuwekea sampuli) na vioo vyembamba vya kufunikia, wembe mpya, kibano, dropa, tishu, vijiti vya pamba vya masikioni na rula ya plastiki inayopitisha mwanga. Duka la dawa litakupa iodini ya vidonda na GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni. Sokoni chukua kitunguu maji chekundu na pilipili manga kidogo. Shambani kata kipande cha shina la muhogo lililokauka.

Pilipili iloweke leo, kabla ya kufanya kingine chochote, kwa sababu inahitaji wiki mbili hadi tatu. Iponde kidogo, weka kijiko kimoja kwenye glasi, mimina maji ya mvua au ya kisima, funika na kitambaa chepesi, weka mahali pasipopigwa na jua. Kama una maji ya bomba tu, yaache wazi siku nzima kwanza ili klorini ipungue.

Neno kwa anayetaka kununua hadubini. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haina maana. Hadubini za plastiki za watoto hujitangaza kuwa na x1200, na kweli zinakuza, ila zinakuza ukungu. Soma ubavuni mwa lenzi ya chini: utakuta namba mbili, mfano 4/0.10, 10/0.25 au 40/0.65. Ya pili inaeleza lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na hiyo ndiyo inayoamua undani wa picha. Izidishe kwa 1,000 upate kikomo cha ukuzaji wenye faida: lenzi ya 0.65 ina faida hadi karibu x650. Ukipita hapo picha inapanuka tu, hakuna jipya linaloonekana. Lenzi isiyoandikwa namba hiyo, iache dukani.

Hatua ya 1: Panga mwanga kabla ya kuweka chochote

Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17 aliyefanya kazi zake chini ya Royal Society ya London, alihangaika na mwanga kiasi cha kujitengenezea mtambo: taa ya mafuta, mbele yake tufe la kioo lililojaa maji, kisha lenzi, vyote vya kukusanya mwanga kwenye kitu anachokitazama. Wewe una balbu chini ya jukwaa (lile bamba la kuwekea slaidi), au kioo cha kuakisi.

Anza na lenzi ya x4. Kama hadubini yako inatumia kioo, kaa karibu na dirisha, kielekeze kwenye anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa. Usikielekeze kwenye jua lenyewe hata kwa sekunde moja. Mwanga huo ukipita kwenye lenzi unaunguza jicho. Geuza kioo mpaka duara unaloliona liwe na mwanga ulio sawa pande zote.

Chini ya jukwaa kuna kiwambo, tundu linalopanuliwa na kubanwa kwa mkono mdogo au gurudumu. Watu wengi hawakigusi kabisa, nami nasema hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote kwenye hadubini ya shule. Seli hai karibu zote hazina rangi. Tundu likiwa wazi kabisa, mwanga unazifunika na unaona weupe mtupu. Libane taratibu mpaka kingo zianze kuwa na kivuli. Ukilibana kupita kiasi, kila kitu kinapata mistari miwili miwili. Mahali pazuri pako katikati, na panabadilika kila unapobadili lenzi.

Macho yote mawili yawe wazi. Mwanzoni inasumbua, lakini anayefumba jicho moja huchoka upesi na kuumwa kichwa.

Hatua ya 2: Pima upana wa duara unaloliona

Weka rula kwenye jukwaa, tazama kwa lenzi ya x4. Hesabu milimita ngapi zinaingia kwenye duara kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye hadubini nyingi utapata kati ya 4 na 5. Tuseme ni 4.5.

Kuanzia hapo huhitaji rula tena. Kwa lenzi ya x10 upana ni 4.5 mara 4 gawanya kwa 10, yaani milimita 1.8, sawa na maikromita 1,800. Kwa x40 ni milimita 0.45, sawa na maikromita 450. Ziandike kwenye kipande cha karatasi, ubandike kwenye mguu wa hadubini. Seli zikijipanga 6 kutoka ukingo hadi ukingo chini ya x10, kila moja ina urefu wa maikromita 300. Ni hesabu ya darasa la tano, lakini bila hiyo huna namna ya kujua kama ulichokiona ni seli, chembe ya wanga au vumbi.

Hooke alipima kwa kuangalia lenzi kwa jicho moja na rula kwa jicho la pili. Leeuwenhoek alilinganisha viumbe vyake na punje ya mchanga.

Hatua ya 3: Kitu kilichokufa

Mwaka 1665 Hooke alichapisha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Kimoja kilikuwa kizibo. Alikinoa kisu chake mpaka kikawa na makali ya wembe, akakata utepe mwembamba, na kwa kuwa kizibo ni cheupe akakiweka juu ya bamba jeusi. Akaona vyumba vitupu vilivyopangwa kama sega la nyuki. Alivihesabu: 60 hivi katika sehemu ya 18 ya inchi moja. Akapiga hesabu mpaka kwenye inchi moja ya ujazo, akapata zaidi ya vyumba milioni 1,200.

Kizibo halisi cha mti ukikipata ni sawa, ingawa siku hizi vingi ni vya plastiki. Moyo mweupe wa shina kavu la muhogo unafaa pia, na si kuchakachua: Hooke mwenyewe hakuishia kwenye kizibo, aliendelea na mioyo ya mashina ya mimea kadhaa na kukuta vyumba vilevile.

Menya gamba, fika kwenye ule moyo laini wa katikati. Shika kipande kwa kidole gumba na cha shahada, vidole viwe chini kidogo ya mahali unapokata. Lowanisha wembe kwa maji. Usikandamize, vuta wembe kuelekea kwako kwa mwendo mmoja mrefu. Hutapata kipande kizuri mara ya kwanza. Kata vipande kumi, uvidondoshe vyote kwenye sahani ya maji, halafu chagua kile ambacho karibu hukioni. Si lazima kiwe kikubwa. Ukingo wake tu ukiwa mwembamba kuliko katikati, utatazama ukingo.

Kiweke kwenye tone la maji juu ya slaidi. Kioo cha kufunikia kisidondoshwe kutoka juu. Ukingo wake mmoja uguse maji kwanza, kikiwa kimeinama, kisha kishushe polepole kwa ncha ya kibano ili hewa itoke upande wa pili. Moyo wa muhogo una hewa nyingi ndani, na baadhi ya vyumba vitaonekana vyeusi. Ukivikuta vyeusi vyote, loweka vipande kwenye maji ya moto kwa dakika chache, urudie.

Sasa namna ya kulenga, na hii ishike daima: ukitazama kwa pembeni, si kupitia lenzi, leta jukwaa karibu na lenzi ya x4. Halafu weka jicho na uanze kuliondoa taratibu kwa skrubu kubwa mpaka picha itokee. Unalenga kwa kuachanisha, kamwe si kwa kukaribisha. Slaidi nyingi zilizopasuka na lenzi zilizokwaruzwa maabarani zimetokana na kufanya kinyume chake.

Hesabu vyumba vyako kama Hooke. Yeye, kwa hesabu ile, kila chumba kilikuwa na maikromita 23 au 24. Vya muhogo utavikuta vikubwa zaidi. Kumbuka unachokiona ni kuta tu. Wenyeji walishakufa.

Hatua ya 4: Kitunguu

Hapa kaa muda mrefu. Kama una saa mbili za kutumia na hadubini, tumia saa nzima hapa.

Kitabuni utaambiwa utumie kitunguu cheupe. Hiki chekundu cha sokoni kwetu ni bora, kwa sababu kina ngozi mbili zenye kazi mbili tofauti. Kata kitunguu robo, toa gamba moja nene. Upande wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi isiyo na rangi. Upande wa nje una ngozi ya zambarau.

Anza na ya ndani. Vunja gamba kwa kulikunja kuelekea nje mpaka lipige mlio, lakini usilitenganishe. Utaona ngozi nyembamba sana imebaki imeshikilia vipande viwili. Ivute kwa kibano. Kata mraba wa nusu sentimita, utandaze kwenye tone la maji bila kuukunja. Funika, tazama kwa x4, kisha x10. Utaona matofali marefu yasiyo na rangi, yamepangwa bega kwa bega. Viini huvioni, au unavihisi tu.

Sasa bila kufunua, weka tone moja la iodini ukingoni mwa kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha ncha ya tishu. Tishu inanyonya maji, iodini inavutwa ndani. Endelea kutazama wakati rangi inapita. Utaona mstari wa njano ukitembea juu ya seli, na nyuma yake, katika kila tofali, kinajitokeza kidoa cha mviringo cha rangi ya kahawia. Hicho ni kiini. Mara nyingi kimebanwa ukutani, maana katikati ya seli pamejaa mfuko wa maji unaoitwa vakuoli, na sitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, imesukumwa pembeni ikawa utepe mwembamba.

Kidoa hicho wengine walikuwa wamekiona bila kukitilia maanani. Mskoti Robert Brown ndiye aliyesema mwaka 1831, baada ya kutazama ngozi za okidi na mimea mingine, kwamba kila seli ya namna hiyo inacho. Hakuwa na rangi ya kutia. Alikuwa na jicho lililozoea mimea kwa miaka mingi na lenzi moja nzuri.

Halafu ngozi ya zambarau. Bandua kipande kidogo cha upande wa nje, kiweke kwenye maji, funika. Rangi yote imo ndani ya vakuoli, kwa hiyo kila seli inaonekana imejaa zambarau hadi ukutani. Koroga kijiko cha chumvi kwenye nusu glasi ya maji, uvute maji hayo chini ya kioo kwa tishu kama ulivyofanya kwa iodini. Baada ya dakika chache zambarau inaanza kuachia ukuta kwenye pembe, inajikusanya, mwisho inakuwa donge katikati ya chumba kitupu. Unachokitazama ni utando wa seli ukivutwa na kilichomo ndani. Utando wenyewe ni mwembamba mno kwa hadubini hii, huwezi kuuona, lakini sasa unajua uko wapi: ni pale zambarau inapokomea. Vuta maji safi, na seli nyingi zitajaa tena. Mholanzi Hugo de Vries alifanya uchunguzi wake wa miaka ya 1880 kwa mbinu hii, akipima nguvu ya maji ya chumvi na sukari kwa kutazama seli za mimea zinavyosinyaa.

Kati ya majaribio yote ya hadubini yanayowezekana kwa vitu vya jikoni, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine, na sielewi kwa nini madarasa mengi huishia kwenye iodini.

Hatua ya 5: Shavu

Mwanzoni mwa karne ya 19 mimea ilikuwa rahisi kwa sababu ina kuta. Mnyama hana kuta za namna hiyo. Ukitazama nyama unaona nyuzi, punje na utelezi, wala huwezi kusema seli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Schwann alipata ufunguo mezani: akila pamoja na Schleiden mjini Berlin, alimsikia mwenzake akieleza juu ya kiini cha seli za mimea, akakumbuka kwamba yeye naye ameona kitu kama hicho kwenye uti wa viluwiluwi. Walikwenda kuangalia. Kuanzia hapo swali likabadilika. Hutafuti tena ukuta, unatafuta kiini, na penye kiini pana seli.

Fanya vivyo hivyo. Dondosha tone moja la GV kwenye vijiko viwili vya maji. Usitumie GV kama ilivyo, itageuza kila kitu kuwa zambarau nyeusi. Suuza mdomo kwa maji, pitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu bila kukwangua, kisha kizungushe katikati ya slaidi. Acha ikauke kwa dakika mbili. Weka tone la GV uliyopunguza, subiri dakika moja, nyonya ya ziada kwa tishu, weka tone la maji, funika.

Kwa x10 utaona vipande vya zambarau hafifu vimetawanyika, vingine vimejikunja ukingoni. Tafuta kinachoelea peke yake, kilete katikati, ndipo ubadili kwenda x40 kwa skrubu ndogo tu. Kina upana wa maikromita 50 hadi 60, hakina umbo maalumu, na katikati kuna kiini cheusi zaidi. Juu yake pengine utaona vidoti vidogo sana vya zambarau, vingine vimepangana viwili viwili. Hivyo ni bakteria wa mdomo wako, jamaa wa wale wa Leeuwenhoek. Na rangi hii si ya kubahatisha: mwaka 1884 Hans Christian Gram, mganga wa Denmark aliyekuwa Berlin, alitumia rangi ya namna hii katika njia yake ya kupambanua bakteria, ambayo maabara za hospitali bado zinaitumia.

Kila mtu atumie kijiti chake, na atazame slaidi yake. Ukimaliza, tumbukiza slaidi na vijiti kwenye jiki iliyochanganywa na maji. Damu usiiguse kabisa kwa kazi ya nyumbani au darasani. Kutazama vimelea vya malaria, alivyoviona Alphonse Laveran huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, kunahitaji rangi maalumu, lenzi ya mafuta na mtaalamu wa maabara mwenye glavu.

Schleiden, pamoja na sifa zake, alikosea jambo moja kubwa: aliamini seli mpya hujiunda kama fuwele zinavyokua kwenye maji ya chumvi. Robert Remak alionyesha kwamba seli hutokana na seli kugawanyika, na Rudolf Virchow akaitangaza hoja hiyo kwa nguvu mwaka 1855, kiasi kwamba vitabu vingi humpa yeye sifa zote.

Hatua ya 6: Maji ya pilipili

Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani punje zake zina ncha kali. Akailoweka, na baada ya wiki tatu hivi, Aprili 1676, akachungulia maji yale na kukuta viumbe kwa maelfu. London hawakumwamini kirahisi. Ilibidi Hooke aandae maji ya pilipili mwenyewe, na mwezi Novemba 1677 wajumbe wa Royal Society wakaviona kwa macho yao.

Glasi yako kwa sasa ina utando juu na harufu isiyopendeza. Chukua tone kutoka kwenye utando huo, si chini. Weka nyuzi chache za pamba kwenye slaidi kabla ya kufunika. Zitakuwa uzio wa kuwazuia wale wenye mbio. Anza na x4, kiwambo ukibane kuliko ulivyozoea.

Viumbe wakubwa wataonekana wakikatiza duara kwa kasi. Usiwafukuze kwa kusogeza slaidi. Tafuta aliyenaswa kati ya nyuzi, au subiri dakika kumi maji yapungue na kasi yao ishuke. Kwa x40 utaona vijifimbo na vidoti vidogo, hao ni bakteria, na hapa watu wengi hudanganyika. Vumbi dogo majini pia hutikisika bila kukoma. Brown huyuhuyu wa kiini alilichunguza jambo hilo mwaka 1827 kwenye chembe zilizotoka ndani ya chavua, na akalikuta hata kwa unga wa vitu visivyo na uhai. Ni maji yenyewe yanayozigonga. Kinachotetemeka palepale kisihesabiwe. Kinachotoka hapa kwenda pale, kikageuka, kikarudi, hicho kinaogelea.

Kama unataka viumbe wakubwa zaidi, chukua maji ya dimbwi yenye majani yaliyooza. Usiingie majini. Chota kwa kopo lenye mpini mrefu, vaa glavu, na kwa aliye kando ya Ziwa Victoria au kwenye mashamba ya mpunga hili ni lazima, kwa sababu kichocho huingia kupitia ngozi.

Ukikwama

Duara jeusi lenye ukingo mnene na katikati peupe ni kiputo cha hewa. Kila anayeanza hukichora na kukiandika "seli". Doa lisilosogea unaposogeza slaidi liko kwenye lenzi: zungusha lenzi ya jicho, likizunguka nalo basi liko hapo. Mwanga nusu duara maana yake lenzi ya chini haijakaa mahali pake, izungushe mpaka isikike ikigonga. Picha iliyokuwa safi kwa x10 na kufifia kwa x40 mara nyingi ni maji yaliyogusa lenzi, au slaidi imewekwa kichwa chini.

Chora ulichokiona, si cha kitabuni

Penseli, mstari mmoja, na kando yake andika ukuzaji na kipimo kwa maikromita. Nimeona michoro mingi ya seli za kitunguu yenye mitokondria na ribosomu, sehemu ndogo mno za ndani ya seli, vitu ambavyo mchoraji hakuviona wala asingeweza kuviona kwa namna ile. Mwaka 1873 Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, alieleza kwa nini: mwanga wenyewe ni mawimbi, na vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi vinaonekana kitu kimoja. Kwa lenzi yako ya 0.65 kikomo kiko karibu na maikromita 0.4. Kwa lenzi ya mafuta ni kama 0.2. Ukung'arishe kioo ukitakavyo, kwa hadubini ya kawaida mpaka huo hauvukwi.

Waliouvuka walibadili kitu cha kutazamia. Ernst Ruska na Max Knoll walijenga Berlin mwaka 1931 hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga, na mwaka 1945 Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam, mjini New York, wakatoa picha ya seli nzima iliyopigwa kwa mashine ya aina hiyo. Zile picha za kina zilizomo kwenye kitabu chako zinatoka upande huo.

Kama huna hadubini

Simu inaweza kusaidia. Mwaka 2013 watafiti waliripoti kazi waliyoifanya Pemba: walibandika lenzi ndogo ya mviringo, yenye upana wa milimita 3, juu ya kamera ya simu kwa gundi ya pande mbili, wakatafuta mayai ya minyoo kwenye sampuli za choo za watoto. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo waliyapata kwa kiasi cha kuridhisha. Ya safura yaliwapita mengi. Kwa kitunguu hilo si tatizo, kwa sababu seli zake ni kubwa. Ukiwa na lenzi iliyong'olewa kwenye tochi ya leza iliyoharibika, ibandike juu ya kamera, weka ngozi ya kitunguu kwenye kioo, mwanga uje kutoka chini, na simu uisogeze mpaka ikaribie kugusa. Iodini itakuonyesha hata viini.

Kutunza

Futa lenzi kwa karatasi maalumu ya lenzi au pamba safi, kamwe si kwa shati. Mafuta ya kupikia yasitumike mahali pa mafuta ya lenzi. Kabla ya kuirudisha kabatini, rudisha lenzi ya x4 chini, shusha jukwaa, ibebe kwa mikono miwili: mmoja shingoni, mwingine chini ya kitako.

Kwa walioko pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, adui mkubwa ni ukungu unaoota ndani ya lenzi kama nyuzi nyeupe. Ukishashika kioo hautoki bila kukiachia alama. Ile mifuko midogo ya chembe za kunyonya unyevu inayokuja ndani ya maboksi ya viatu ikusanye, uiweke kwenye kabati la hadubini, na kila baada ya muda uikaushe juani. Penye umeme, balbu ndogo inayotoa joto ikiwashwa ndani ya kabati inatosha kuliweka kavu. Usifunge hadubini kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa wakati wa masika, labda iwe umetia humo mifuko hiyo ya kukausha.